Kabla ya Kuleta Mashine Nyingine Ziwani, Tuulize Gugumaji Linakula Nini

Kila gugumaji likirudi kwenye ghuba ya Kisumu, Ziwa Victoria, mazungumzo huwa ni yale yale. Boti zinakwama Dunga, zinakwama Usoma, bandari inageuka kijani, alafu watu wanaanza kuuliza mashine ya kutoa gugu iko wapi, kontrakta ni nani, pesa imetoka ama haijatoka. Baada ya muda upepo unageuka, gugu linasukumwa upande wa Kendu Bay ama Homa Bay, sisi wa mjini tunapumua, na stori inaishia hapo mpaka lirudi tena.

Swali ambalo sisikii likiulizwa ni hili: hili gugu linakula nini? Kwa sababu hakuna mmea unaokua kwa jua na maji matupu. Ukiona kitu kinaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, ujue hayo maji yana mbolea, na hiyo mbolea kuna mtu ameiweka. Mtu huyo ni sisi, wa mjini na wa mashambani, wa Kano na wa Nandi, wa Kericho, wa Kakamega, mpaka huko juu Eldoret na Kitale, na mpaka tukubali kuongea mambo ya nchi kavu tutalipia mashine miaka nenda miaka rudi.

Tukumbushane historia kidogo. Gugumaji kwao ni Amerika Kusini, bonde la Amazon, na lilisambazwa duniani na binadamu waliopenda maua yake ya zambarau. Kwenye Ziwa Victoria gugu lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, upande wetu wa Kenya karibu 1990, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika kama hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, hii yetu ya Kisumu. Waliokuwa Kisumu miaka hiyo hawajasahau, mvuvi anaamka asubuhi anapata njia aliyopitia jana imefungwa, nyavu ziko chini ya gugu hazifikiki, konokono wa kichocho na mbu wamepata makao mapya. Wakaletwa mbawakawa wadogo wa jamii ya Neochetina, ambao pia kwao ni huko huko Amerika Kusini na chakula chao ni hili gugu, watafiti wetu wakawazalisha na kuwaachilia ziwani, na kufikia mwaka wa 2000 sehemu kubwa ya ghuba ilikuwa imefunguka. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani ilikuwa kazi ya mbawakawa na kiasi gani ilikuwa mawimbi na mawingu ya El Niño ya 1997 na 1998, lakini gugu lilipungua, hilo halina ubishi. Wakati huo huo kulikuwa na mashine ya kukatakata, ikawa inasaga gugu na mabaki yanaachwa yazame papo hapo, maana yake mbolea yote iliyokuwa ndani ya majani na mizizi ikarudi majini kungoja gugu la kesho.

Alafu 2006 kuelekea 2007 mvua kubwa ikanyesha na gugu likarudi. Hapo ndo panafaa tukae chini tufikirie vizuri. Mbegu za gugumaji zinaweza kukaa kwenye matope hata miaka ishirini zikiwa hai. Mvua ikishusha udongo na mbolea kutoka juu, zinaamka. Na wale mbawakawa, hata wakiwepo, maji yakiwa na lishe nyingi mmea unachipua haraka kuliko wao wanavyoweza kutafuna, kwa hivyo hata ile dawa iliyofanya kazi inashindwa kama sisi tunazidisha chakula kila msimu.

Na ghuba yetu haikuumbwa kuvumilia uchafu mwingi. Ziwa lote lina wastani wa kina cha mita 40, lakini Winam ni sehemu ya maji mafupi na mlango wake wa kutokea ziwa kubwa ni mwembamba, huko upande wa Rusinga. Miaka ya 1980 tukazidi kuubana, likajengwa tuta la kuunganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga ili magari yapite, na maji yaliyokuwa yakipita hapo yakakatwa, ikachukua miaka mingi mpaka daraja lijengwe ndo maji yapate tena nafasi. Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui kuhusu Ziwa Victoria: maji yake mengi yanaingia kwa mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, na mengi yanatoka kwa kuvukizwa na jua, mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Sasa maji yakivukizwa yanaenda peke yake. Fosforasi, ile lishe ya mbolea ambayo gugu linaitegemea, haivukizwi. Inabaki, inashuka kwenye matope, na upepo ukikoroga ghuba inapanda tena.

Hiyo fosforasi inatoka wapi? Nianze na udongo, kwa sababu hapo ndo pana mambo mengi.

Mto Nyando unatoka milima ya Nandi na Tinderet, unapita kwenye mahindi, chai, miwa, unateremka kwa kasi alafu unafika Kano ambako ardhi ni tambarare. Ukivuka daraja la Ahero mwezi wa nne au wa tano utaona maji yenyewe ni mekundu. Ule ni udongo wa juu wa shamba la mtu, ile sehemu nyeusi yenye rutuba iliyoliwa kwanza, na nyekundu inayofuata. Nenda Nyakach uone Katuk Odeyo, makorongo yaliyokula ardhi mpaka watu wakahama, mahali palipokuwa malisho na mashamba sasa ni mashimo marefu yenye kuta za udongo zinazoendelea kuporomoka kila mvua. Makorongo hayakuanguka kutoka mbinguni. Miti ilikatwa kwa makaa na kuni, mifugo ikazidi uwezo wa majani, njia za ng'ombe zikageuka mifereji, maji kutoka juu Kericho yakafika bila kitu cha kuyapunguza mwendo.

Sasa fikiria mkulima wa mahindi huko juu. Amenunua DAP, ile mbolea ya kupandia, kwa pesa ya kukopa, ameweka kwenye shimo pamoja na mbegu. Fosforasi ya DAP inashikamana na chembe za udongo, ndo tabia yake, kwa hivyo udongo ukihama nayo inahama. Shamba halina matuta, ukingoni mwa mto amelima mpaka maji yenyewe, na mvua ya kwanza kubwa inabeba sehemu ya kile alichokopea. Yeye anavuna kidogo na sisi huku chini tunapata gugu. Hii ndo inaniuma zaidi kwa hili jambo, kwamba mtu wa juu na mtu wa chini wote wanapoteza kitu kile kile na bado wanaongea utadhani ni maadui, wa chini wanalaumu wa juu kwa mafuriko, wa juu wanasema nyinyi wa ziwa ni shida yenu. Gunia la DAP lililooshwa likaingia Nyando halikumsaidia mtu yeyote kati ya hao wawili.

Msitu wa Mau nao ni hivyo hivyo. Mto Sondu unatoka huko na unaingia Winam, na upande wa pili wa msitu huo huo mto Njoro unateremka kwenda Ziwa Nakuru, kwa hivyo Mau ikigawanywa na kulimwa maziwa mawili yanaumia. Watu wa Nakuru wana hadithi yao ya kuhuzunisha, ziwa limepanda likameza malango na barabara za mbuga na heroe wengi wamehamia kwingine, lakini hiyo inataka makala yake.

Turudi mjini, juu sitaki ionekane nawabebesha wakulima kila kitu. Kisumu ilianza kama kituo cha mwisho cha reli mwaka wa 1901 na mfereji wa maji taka haujawahi kulingana na idadi ya watu. Mpaka leo sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa. Nyalenda, Manyatta, Obunga, watu wanategemea vyoo vya shimo, na sehemu za chini maji ya ardhini yako karibu sana, mvua ikinyesha shimo linajaa na linamwagika, yote yanaingia Auji, Wigwa, Kisat, na hiyo mito midogo haina safari ndefu, dakika chache iko ziwani. Ongeza sabuni. Ongeza magari yanayooshwa ukingoni mwa ziwa kila wikendi. Mtu anayeishi Nyalenda hajachagua choo kilichofurika, kodi analipa na mfereji haujamfikia, kwa hivyo nikisema mji unalisha gugumaji sisemi maskini ndo wachafu. Nyumba kubwa za Milimani na Riat nazo zina matangi ya maji taka, na gari la kunyonya likishajaza, ni vizuri kujua linamwaga wapi.

Na kuna chanzo cha tatu ambacho ni cha ajabu kidogo. Sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia ziwa zima inatoka angani, kwa vumbi na moshi. Ukichoma shamba la miwa, ukichoma nyasi ili zichipue, ukichoma takataka nyuma ya nyumba, jivu linapanda na mvua inalishusha ziwani. Kwa hivyo hata yule wa mbali kabisa asiyeona ziwa ana mkono wake.

Lakini tungekuwa salama kiasi kama tusingeondoa kile kitu kilichokuwa kinatukinga, na hapa ndo nafika kwenye jambo lenyewe. Kinywani mwa kila mto unaoingia ziwani kulikuwa na mafunjo, togo kama tunavyoyaita huku, msitu mzima wa togo, Yala, Nyando, Sondu, Dunga. Maji mekundu yakifika hapo yanapunguza mwendo, udongo unazama kati ya mizizi, mmea unakula nitrojeni na fosforasi, na kinachotokea upande wa ziwa ni maji yaliyopungua uchafu, kama chai inavyopita kwenye kichungi. Kazi hiyo ilifanyika maelfu ya miaka bila bajeti ya mtu. Samaki wadogo walijificha humo mbuta, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, asiwafikie, mumi na kamongo wakataga humo, na kuna ndege wa mafunjo ambao huwezi kuwaona mahali pengine, Dunga watu wanatoka nchi za mbali na kamera zao kuja kuwatafuta.

Tumefanya nini? Tumekata, tumechoma, tumekausha, tumelima. Yala Swamp ina kama hekta 17,500 na ndiyo kinamasi kikubwa kuliko vyote vya maji baridi Kenya, na tangu miaka ya 1960 kila kizazi kinakuja na mpango wa kukikausha. Hekta 2,300 hivi zilikaushwa kwanza, baadaye mwekezaji kutoka Marekani akaingia miaka ya mwanzo ya 2000 na mashamba ya mpunga na matuta makubwa, akaondoka 2017, na mpaka leo watu wa Siaya na Busia wanavutana juu ya nani apewe ardhi hiyo. Katika huo mvutano wote nasikia ekari, nasikia mkataba, nasikia ajira. Sisikii mtu akiuliza matope ya Mto Yala yatachujwa na nani kinamasi kikiisha. Na ndani ya kinamasi hicho kuna Ziwa Kanyaboli, ambako ngege wa asili, yule ambaye kwenye ziwa kubwa karibu ametoweka, bado anaishi kwa sababu mafunjo yalimzuia mbuta asimfikie. Ngege tunayekula siku hizi ni jamii nyingine iliyoletwa miaka ya 1950, kipindi kile kile mbuta alipoingizwa.

Huyo mbuta pia ni mkono wa binadamu. Aliletwa ili tupate samaki mkubwa wa kuuza, na kweli kuanzia miaka ya 1980 viwanda vya minofu vilifunguliwa Kisumu na pesa ikaonekana, lakini alikula fulu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, mamia ya aina zao, na nyingi hazipo tena duniani kabisa. Fulu walikuwa wanaanikwa juani tu. Mbuta ana mafuta mengi, lazima akaangwe au akaushwe kwa moshi, na kuni zinatoka kwenye vilima vile vile vinavyoporomoka. Minofu inaenda ng'ambo, mama wa Obunga anabaki na mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki, anaukaanga, anauza, analea watoto nao. Namheshimu sana mama huyo. Lakini mti uliokatwa kwa ajili ya moto wake ulikuwa unashikilia udongo fulani mahali fulani, na huo udongo sasa uko ziwani unalisha gugu linalomzuia mvuvi kumletea samaki.

Gugu likitanda, mwanga haupenyi, oksijeni chini inaisha. Kamongo na mumi wanavumilia, mpaka wanaongezeka, ngege na mbuta wanahama ama wanakufa. Na si gugu tu, maji yenyewe yakizidi lishe yanaota mwani, kile kijani chembamba chenye harufu, na kikioza kinanyonya oksijeni. Mwisho wa 2022 wafugaji wa samaki kwenye vizimba ndani ya ghuba waliamka wakakuta samaki wanaelea wamekufa, mtaji wa watu ukaoza ndani ya siku chache. Vizimba ni wazo ninaloliunga mkono, juu samaki wa ziwa hawatoshi na soko limejaa samaki waliogandishwa kutoka China. Lakini chakula cha samaki kinachozama na kinyesi chao navyo ni mbolea, kwa hivyo vizimba vikijazana kwenye maji mafupi yasiyosonga, vinajimaliza vyenyewe.

Kuna hoja mbili huwa naletewa nikisema haya yote. Ya kwanza, ati gugumaji ni mali, litengenezwe viti, karatasi, biogesi, mbolea. Nawaunga mkono wanaofanya hivyo, na ukiling'oa ukalitoa kabisa nje ya maji umeondoa na sehemu ya ile fosforasi, hilo ni jema. Ila kasi ya vikundi vya ufundi haiwezi kufikia kasi ya mmea unaoongezeka maradufu kwa wiki mbili, na biashara ikishategemea gugu itakuwa inategemea ziwa chafu. Tusijenge ajira ya vijana wetu juu ya ugonjwa.

Ya pili ni kwamba haya ni mambo ya hali ya hewa, mvua zimezidi, sisi tufanye nini. Ni kweli mvua zimebadilika. Mwezi wa tano 2020 ziwa lilifika juu kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze, likapita rekodi ya 1964, bichi zikamezwa, nyumba za Usoma zikaingia maji. Lakini mvua ile ile ikinyesha juu ya kilima chenye miti na shamba lenye matuta inaleta maji, na ikinyesha juu ya kilima kitupu inaleta kilima chenyewe. Tofauti hiyo haiamuliwi na mawingu.

Sasa mimi ningetaka tuanze na nini? Sheria ipo tayari. Katiba kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kanuni za maji zinataka kati ya mita 6 na 30 za ukingo wa mto ziachwe. Hizo mita zikipandwa nyasi za nepia, mkulima analisha ng'ombe na udongo unashikwa, hapotezi ardhi, anaibadilishia kazi. Kaunti ya Kisumu haiwezi kumwamuru mkulima wa Nandi, lakini inaweza kumlipa, ama kumpa miche na nepia bure, na naona hiyo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko dizeli ya mashine bandarini. Kaunti za ukanda wa ziwa tayari zina umoja wao, huko ndo mahali pa kuongea Nyando yote kama mto mmoja kuanzia chemchemi mpaka mdomoni, badala ya kila gavana kushughulikia kipande chake.

Na vikao vya bajeti vya kaunti vikiitishwa, tafadhali twende, na tukienda tusiulize mashine inakuja lini. Tuulize ni nyumba ngapi za Nyalenda na Obunga zitaunganishwa na mfereji mwaka huu, tuulize maji yanayotoka kwenye mitambo ya kusafisha maji taka yanapimwa kila baada ya muda gani na majibu yanabandikwa wapi. Bichi za wavuvi zina kamati zao, zikipewa vipimo vya maji kila mwezi zitajua kabla ya samaki kufa.

Pale Dunga kuna akina mama na vijana wanaosuka mikeka, vikapu na viti kwa togo. Wakiukata juu ya mzizi unachipua tena ndani ya mwaka, na kila mzigo unaotoka umebeba mbolea kutoka kwenye maji. Hawa watu wanajua togo unapenda wapi, unapandwaje, unakatwa lini ili usife. Kaunti iwape kazi ya kuurudisha pale ambapo Auji na Wigwa zinakutana na ziwa, iwalipe kwa kila mita iliyoshika, na kazi ianze kabla mvua ya mwezi wa tatu haijafika.